Imba, Bado, Zika

Naikumbuka Jumapili moja, jua la Al Nahda limeanza kupunguza ukali, nimekaa kwenye nyasi za ile bustani yenye bwawa, na mbele yangu kuna mwanamke aliyevaa kofia pana ya ngozi. Ameshika gitaa lakini hataki kuanza. Watu wamemzunguka, mayaya, walinzi, wasafishaji, kila mtu na siku yake moja ya kupumzika, wanamwambia yalla Tabi, muda unaenda. Yeye ananiangalia mimi tu. Mwishowe akawaambia, "Huyu kwanza. Nyinyi wengine nendeni mkanunue chai ya karak." Wakaenda wakinung'unika. Tukabaki wawili, akanisogelea mpaka magoti yetu yakagusana, akaniimbia maisha yangu mwenyewe kwa sauti ya chini kama mtu anayeombea mgonjwa.

Mwanangu, huyo ndiye Tabitha Wairuri, mnayemwita Tabi wa Molo. Nyimbo zake mnazijua kuliko mnavyomjua yeye. Nakuona na hiyo kofia yako, nakusikia humu tunamopanga, nyuma ya pazia la kitanda chako ukijaribu kuvunja sauti kama yeye, na nakusifu, sauti unayo. Lakini juzi nilikuona umemshikia simu yule binti mpya wa chumba cha mbele. Analia, anasimulia mambo ya nyumba aliyotoka, nawe unarekodi huku unasema hii itakuwa ngoma kali. Ndiyo maana nimekaa kuandika. Shule niliiacha darasa la sita, utanivumilia. Naandika vile ninavyoongea, na watu nitawataja kwa majina. Umri wa kuogopa umenipita, na walionikosea wamenenepa kwa sababu tulinyamaza.

Nianze na Tabi. Alizaliwa Molo, kule kwenye baridi na viazi. Baba yake alikuwa dereva wa lori la maziwa, na Jumamosi redio ya lile lori ilikuwa ikipiga kantri tangu asubuhi. Wewe umekulia mjini, huenda hujui vile watu wa kwetu wanavyoupenda huo muziki. Mzee ambaye Kiingereza chake kinaishia kwenye salamu utamkuta anaimba wimbo mzima wa Mmarekani aliyeachwa na mke, na machozi yanamtoka. Sasa baba yake Tabi alikuwa akimtafsiria bintiye zile nyimbo njiani, na mzee naye Kiingereza hakijui. Farasi wakawa ng'ombe. Treni ikawa lori la maziwa. Mto ukawa ule ule wanaouvuka kila siku. Tabi alikua akijua kabisa kwamba kantri ni muziki wa Molo, Wazungu walikuja wakauchukua. Alipofika ukubwani akaambiwa sivyo, hakujali. Alikuwa ameshaanza kutunga.

Wakati huo kwetu mwanamke kwenye jukwaa la kantri alikuwa wa kuitikia na kutikisika nyuma ya mwanamume. Na kama ni kuimba, aimbe za Marekani, kwa Kiingereza, asikosee hata pumzi. Tabi akasimama kwenye baa ya Nakuru na gitaa la baba yake, akaimba kwa Kiswahili juu ya wanawake wanaosimama barabarani alfajiri na ndoo, wanangoja lori, na lori limekwama matopeni, na maziwa yanaanza kuchacha. Mfanyabiashara mmoja, Kihara, mwenye ile baa, alimkatiza. Akamwambia kantri ya Kiswahili ni kama chapati ya mahindi, na tena avue kofia, kofia ni ya wanaume. Tabi akamjibu kwamba kofia ni ya kukinga jua na jua halijawahi kumuuliza kama ni mke au mume. Watu wakacheka, Kihara akazima spika. Akaendelea bila spika. Mimi sikuwepo, lakini nimesikia kwa watu waliokuwepo kwamba ukumbi ulinyamaza hadi wakasikia mvua kwenye mabati. Mimi sijasikia mwanamke mwingine kabla yake aliyetunga kantri kwa lugha yetu, juu ya kazi zetu. Wote mnaowasikia leo wamepitia mlango aliousukuma.

Huku Dubai alikuja na mkataba wa hoteli moja Bur Dubai, kuimba kwenye bendi ya Chalo Mutiso. Chalo ndiye aliyekuwa kiongozi, ndiye aliyezungumza na wakubwa wa hoteli, ndiye aliyeamua nani aimbe nini. Kazi ya Tabi ilikuwa kuwaimbia wageni nyimbo za Marekani wakila. Mwisho kabisa, sahani zikitolewa, Chalo alimwachia wimbo mmoja wa kwake. Basi ule wimbo mmoja ukaanza kuleta watu. Wakenya, Watanzania, Waganda, wakawa wanakuja kwa ajili ya huo tu. Chalo akanusa pesa.

Sasa mimi. Mimi nililetwa na ajenti anayeitwa Ngatia, afisi yake iko juu ya duka la viatu, kama bado iko. Aliniambia ninakuja kuwa keshia wa duka kubwa. Nikajikuta kwenye nyumba ya ghorofa moja Mirdif, kwa Madam Haifa, pasi yangu ya kusafiria ikachukuliwa mlangoni kabla sijavua viatu. Nililala chumba cha kufulia, kando ya mashine ya kukausha, na ile mashine ilikuwa haipumziki. Sitakusimulia yote. Nitakuambia moja tu. Siku ya kwanza Madam alinipa sare ya waridi yenye kola nyeupe. Haikuwa mpya, kwapani ilikuwa na alama za jasho la mtu. Akaniambia, "Wewe Mary." Nikamwambia, hapana madam, mimi Miriamu. Akacheka, wala si kwa ubaya, akasema watoto wameshamzoea Mary, nisiwachanganye. Yule yaya aliyenitangulia alikuwa Mary, na jina lilikuwa limebaki kwenye nyumba pamoja na sare.

Utaona ni jambo dogo. Kuna walionyimwa chakula, kuna waliopigwa, na mimi nikisimulia nasimulia jina. Lakini mwanangu, niite hivyo asubuhi hadi usiku, mwezi baada ya mwezi, hadi siku moja mama yangu alinipigia simu akasema "Miriamu," nikakaa kimya nikingoja mwenyewe aitike.

Jumapili alasiri Madam alinipa nafasi ya kutoka. Dada yake alikuwa amemwambia kwamba yaya asiyetoka hutoroka. Ndivyo nilivyofika ile bustani, nikaletwa na sauti ya gitaa. Alikuwa Tabi na wenzake wa Jumapili, na hawakuwa na spika. Mlinzi mmoja Mganda, Ssali, ambaye alikuwa bawabu wa ile hoteli ya Bur Dubai na Jumapili anakuja bustanini kama sisi, alikuwa amewaambia tangu mwanzo, "Imbeni, banange, lakini spika hapana. Spika itatuletea watu wenye maswali." Kwa hiyo Tabi aliimba taratibu, nasi tukasogea karibu, na ndiyo sababu nyimbo zake za Dubai ni za sauti ya chini.

Hapa nisikilize vizuri. Tabi hakuwa akitunga kutoka kichwani kama wengine. Alikuwa anaketi na mtu, anamsikiliza, haandiki, harekodi. Anaenda zake. Baadaye anarudi na wimbo, na kabla sikio lingine halijausikia, anakuimbia wewe mwenyewe, peke yako, anakutazama machoni. Akimaliza, una maneno matatu ya kuchagua. Ukisema Imba, utaimbwa. Ukisema Bado, atangoja hadi utakapomwambia, hata mwaka upite. Ukisema Zika, umekwisha. Hatauimba tena, hata akiosha vyombo. Ssali aliimbiwa wimbo wake akasema Zika. Hadi leo hakuna ajuaye ulikuwa wa nini. Mimi nimejaribu kumchokonoa kwa miaka, nimempikia hadi matoke, hasemi. Siku moja nikamuuliza Tabi kama ulikuwa mzuri, akanijibu tu kwamba ulikuwa mzuri kuliko wowote aliowahi kutunga.

Mtunzi gani, mwanangu, atazika wimbo wake bora kuliko yote kwa sababu mlinzi wa mlango amesema azike? Mmoja tu nimemwona.

Basi Jumapili ile aliponiimbia wangu, ulikuwa na kila kitu ndani. Chumba cha kufulia, Mirdif, hadi jina la Haifa. Aliniambia wimbo unaanza hivyo, mchafu, halafu mwenye habari ndiye anayesema nini kioshwe. Kiitikio kilikuwa hiki:

Sare niliyopewa ina jasho la mwingine,
jina nililopewa lina mlio wa mwingine.
Wakiita Mary naitika haraka,
moyoni nauliza, Mary yuko wapi?

Nililia kama mtoto. Nilitaka kusema Imba, dunia yote isikie. Lakini pasi yangu ilikuwa kwa Haifa, na mkataba ulikuwa umebaki kidogo tu uishe. Wewe unaijua nchi hii. Ukimtaja mtu kwa ubaya mbele za watu, ni kesi. Na kafeel, yule mwajiri anayekushikia viza, akiamua kuandika kwamba umetoroka, ni kesi nyingine, hata kama umelala jikoni kwake. Nikasema Bado. Tabi akafunga gitaa, akasema, "Sawa. Ni wako." Waliokwenda kununua karak wakarudi, akawaimbia mambo ya lori.

Chalo Mutiso aliusikia kupitia mlango. Tabi alikuwa akifanya mazoezi kwenye stoo ya hoteli, nyuma ya jiko, peke yake, ili asiusahau. Chalo akasimama nje akasikiliza wote. Akaingia akamwambia huo ndio wimbo utakaowatoa. Tabi akamweleza, wimbo una mwenyewe na mwenyewe amesema bado. Chalo akacheka, akamuuliza kama na matatizo sasa yana hakimiliki.

Alichofanya baadaye ndicho kinachonifanya nimwandike hapa kwa jina lake lote. Alitengeneza tangazo, picha ya sare ya yaya bila kichwa, akalisambaza kwenye makundi yote ya Wakenya wa Dubai: Jumamosi hii, mlo wa mchana, wimbo mpya, Mary wa Mirdif. Alikuwa hajamshawishi Tabi. Alihesabu kwamba haina haja. Alitujua. Alijua sisi watu wa kwetu tunaweza kumkatalia mtu tukiwa wawili, lakini mbele ya wageni, meza zimejaa, jina limeshaitwa, hatuwezi kumwaibisha mwenzetu. Tutafanya kwanza, tutalia baadaye. Wangapi wameingizwa kwenye ndoa hivyo, kwenye harambee hivyo. Alimtegea Tabi heshima yake mwenyewe.

Mimi niliona lile tangazo nikiwa napiga pasi. Mtu wa kijijini kwetu, dereva wa nyumba ya tatu kutoka kwetu pale Mirdif, alinitumia akaandika, "Huyu si ni wewe?" na kicheko. Kama dereva amejua, mpishi wa jirani atajua, na mpishi wa jirani alikuwa akinywa chai na mwanamke wa kupika wa dada yake Madam. Nilijifungia bafuni nikampigia Tabi. Nilisema maneno mengi, yeye alisema machache. Aliniambia nirudi kwenye pasi, nisichome nguo za watu.

Ya Jumamosi nasimulia kama alivyonisimulia Ssali, aliyekuwa mlangoni. Ukumbi ulijaa. Wageni wa hoteli upande mmoja na sahani zao, watu wetu upande mwingine. Tabi aliimba za Marekani zote alizopangiwa, vizuri, bila kununa. Kisha Chalo akashika kipaza sauti, akasema sasa ni wakati, na akataja Mary wa Mirdif. Watu wakapiga meza. Mpiga besi akaanza ule mdundo, kumbe alikuwa ameshafundishwa.

Tabi akakichukua kipaza sauti polepole, akasema, "Jamani, mmekuja kwa nauli yenu na mimi nawaheshimu. Wimbo huu una mwenyewe. Mwenyewe amesema bado."

Akatoa mkanda wa gitaa begani, akalilaza kwenye sanduku lake, akalifunga. Ssali anasema Chalo alikuwa bado anatabasamu, anadhani ni mbwembwe za jukwaani. Akamwonyesha binti wa kuitikia, mtoto wa Kisumu anayeitwa Akoth, kwamba aimbe yeye. Akoth alikuwa ameukariri wote, Chalo alimpa asubuhi ileile. Akasogea mbele, akamtazama Tabi, akasema kwenye kipaza sauti kwamba maneno hayajui. Kisha Mfilipino wa kinanda, ambaye Kiswahili hajui hata kidogo na hakuna aliyemweleza lolote, akaondoa vidole. Chalo akamtolea macho. Mfilipino akasema, "Khalas, sir," akafunika kinanda kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

Tabi akashuka, akapita katikati ya meza na sanduku lake. Mtu mmoja akamzomea, akamwambia arudi jukwaani, wametoka mbali. Akamwambia pole. Alipofika mlangoni Ssali akamfungulia, na badala ya kusimama wima kama alivyofundishwa, akainama. Akamwambia, "Weebale, nyabo." Nadhani alikuwa anashukuru kwa ajili ya wimbo wake yeye.

Hoteli ilimfuta kazi wiki hiyohiyo. Chalo aliandika kwamba amevunja mkataba mbele ya wateja, na ni kweli alivunja. Kufutwa kazi hapa si kukosa mshahara tu, wewe unajua. Viza inakwenda, kitanda cha wafanyakazi kinakwenda. Aliyempokea ni Bi Zuwena, mama wa Kizanzibari aliyeishi Dubai tangu ujana wake, mshonaji, chumba chake cha kazi kiko juu ya maduka ya vitambaa pale Bur Dubai. Hakuwa ndugu, hakuwa dini moja naye, na kantri hakuipenda. Alimwambia siku ya kwanza, "Humu ndani utakaa, mwanangu, na kula tutakula. Lakini hilo jamvi la kichwani livulie mlangoni, wallahi linanitisha." Baadaye mwanawe alimwombea Tabi viza kwenye duka lao, na Tabi akawa anapima vitambaa mchana. Vidole vile, mwanangu. Vinapima pazia.

Nilimwendea Jumapili ya kwanza baada ya kufutwa kwake. Nyumbani kwa Madam hakuna aliyekuwa amesikia lolote. Nilikuwa salama, na niliona aibu ya kuwa salama. Nikamkuta amekaa chini katikati ya vipande vya hariri. Nikapiga magoti, nikamwambia angeimba tu. Kazi yake ilikuwa kubwa kuliko siri yangu, mimi ni nani. Nikamwambia sasa nasema Imba, imba hata kesho.

Hakunishika mkono kunipoza. Alinikaripia. Sijawahi kukaripiwa vile na mtu aliyenipenda. "Miriamu, amka hapo. Siku ile ulisema bado na ulikuwa unajua kwa nini. Leo unasema imba kwa sababu unanihurumia. Ruhusa ya huruma mimi siitumii. Chukua pasi yako kwanza, simama barabarani kama mtu, halafu uniambie unachotaka."

Bi Zuwena kwenye cherehani akasema, bila kuinua kichwa, "Na akiwa amesimama huko barabarani aniletee na ndizi."

Mkataba uliisha. Haifa alinirudishia pasi, na nitasema haki, alinirudishia bila maneno na akanipa manukato. Aliniambia, "Mary, utarudi?" Nikachukua begi langu nikatoka. Nikapata kampuni ya usafi, hii ninayofanyia hadi leo, majengo ya kule Jumeirah Village Circle. Siku niliyopata viza mpya nilikwenda moja kwa moja Bur Dubai, na ndizi. Nikasimama katikati ya chumba nikasema Imba. Nikamwambia jina la Haifa litoke, Mirdif itoke, sitaki kesi wala sitaki kisasi cha wimbo. Kilichobaki kiimbwe.

Tabi alifurahi, macho yake yalicheka. Akachukua gitaa. Akapiga nyuzi za mwanzo. Halafu akasimamisha mkono, akaniuliza, "Na Mary?"

Nikamuuliza Mary yupi.

"Mwenye jina. Mwenye sare. Nimemwimba, na yeye hajasikia."

Mwanangu, nilikasirika. Mtu huyu amepoteza kazi kwa wimbo huu, mimi mwenyewe nimetoa ruhusa nikiwa huru, na bado anatafuta mlango mwingine wa kubisha. Nilimwambia Mary ni jina tu, huenda amekufa, huenda ameolewa. Akasema huenda. Akalirudisha gitaa ukutani.

Ssali ndiye aliyemtafuta. Nilikuwa nakumbuka kwamba watoto wa Haifa walikuwa na neno moja moja la Kiganda, basi akaanza kwa watu wake, kanisani, msikitini, kwenye makundi ya waliokwisha kurudi Uganda. Ilichukua muda mrefu. Akapatikana Masaka, anauza nguo sokoni. Tukampigia simu yenye picha tukiwa kwa Bi Zuwena, sote tumebanana mbele ya kioo. Akatokea mwanamke mnene, mchangamfu, nyuma yake magauni yananing'inia. Tabi akamsalimu kwa jina la Mary, akamweleza kuna wimbo.

Yule mwanamke akacheka sana. Akasema, "Nyabo, mimi naitwa Nakimuli. Mary nilimkuta humo."

Bi Zuwena akasogeza uso karibu na kioo. Nakimuli akaendelea kwamba sare alipewa na Madam siku ya kwanza, ya waridi, yenye kola nyeupe, na ilikuwa na jasho la mtu.

Tabi akamwimbia. Simu ilikuwa inakatika, ikawa anarudia mistari. Alipomaliza Nakimuli alikuwa hacheki tena. Alisema Imba. Akaongeza neno lake moja, na hili ndilo lililoubadilisha wimbo: akaomba mahali fulani ndani yake jina lake litajwe, mara moja tu, kwa sababu pale alipokaa miaka yote ile halikutajwa hata siku moja.

Ndiyo maana wimbo wa Mary una ule mwanya. Wewe unapouimba unaujaza kwa gitaa, nimekusikia, unafanya ufundi pale. Mwanya ule si wa gitaa. Jumapili Tabi alipouimba bustanini mara ya kwanza, alifika baada ya "Mary yuko wapi," akanyamaza, mkono umelala juu ya nyuzi. Mimi nikasema jina langu. Kisha mwanamke mwingine kando yangu akasema lake, mwingine nyuma yake, mwingine kule kwenye mti wa kivuli, Wakenya, Waganda, hadi akina dada wa Ethiopia ambao hawakuelewa wimbo ila walielewa kinachofanyika. Majina yale yalikwenda, yakaenda. Ssali alisahau kutuambia tupunguze sauti.

Wimbo ulisafiri kwa simu za mayaya, kutoka jiko hadi jiko, hadi nyumbani. Waimbaji wa kantri waliokuja nyuma ya Tabi, wanawake kwa wanaume, wale wa kweli, wote wana desturi ile ya kumketisha mwenye habari kwanza. Akoth wa Kisumu, sasa ni mwimbaji mkubwa, hajawahi kurekodi wimbo wa mtu bila kumwimbia. Chalo Mutiso naye yupo. Nilimsikia redioni akisema yeye ndiye aliyemgundua Tabi. Chalo, ulimgundua kupitia mlango wa stoo, na alipokukatalia ulimtia njaa. Ngatia, na wewe nimekuandika. Kihara wa Nakuru, spika yako umeizima wapi sasa.

Tabi alirudi Molo. Vidole vimekuwa vizito, gitaa amewaachia wasichana anaowafundisha kwenye banda la maziwa la marehemu baba yake. Hana jumba. Nilimuuliza kwenye simu kama hajutii ile Jumamosi, akaniuliza kama bei ya viazi Dubai imepanda.

Sasa mwanangu, neno langu ndilo hili. Futa ile video ya binti wa chumba cha mbele. Usimwambie umefuta, usitafute sifa, wewe futa. Kisha kaa naye bila simu, msikilize, enda utunge kwa kipaji chako ulichopewa. Rudi umwimbie yeye wa kwanza, magoti kwa magoti, na umpe maneno yale matatu. Akisema Zika, uzike hata kama ungekujengea nyumba kwenu. Akikupa ruhusa akiwa bado anaogopa, au kwa kuwa anakuonea huruma, hiyo usiipokee, mngoje asimame. Na ukifika kwenye ule mwanya wa wimbo wa Mary, nyamaza, kwa sababu pale si pako.

Mungu aliyekupa sauti asikupokonye. Akupe kafeel mwenye utu na mkate usio na masimango. Akulinde na kila anayesimama nje ya mlango akisikiliza vya wengine, na akulinde usiwe yeye. Popote utakapolala, uamshwe kwa jina alilokupa mama yako. Amina.